Bei ya kumtibu mnyama iandikwe ukutani

Ingia kwa kinyozi yeyote wa mtaani, Kawangware au Kisauni, na utaikuta bei kabla hujaketi. Imeandikwa kwenye kadibodi ukutani: mtoto hivi, mtu mzima hivi, ndevu hivi. Mama mwenye kibanda amebandika bei ya chai na ya chapati. Kituo cha mafuta kimeinua ubao wake kando ya barabara, na kila tarehe 14 ya mwezi taifa zima hutangaziwa bei mpya. Mkenya amezoea kujua atalipa nini kabla ya kulipa.

Sasa mpeleke mbwa wako kwenye kliniki ya mifugo. Tangu usiku anahara damu na miguu imemlegea. Umempakata kwenye bodaboda, umemfunika kwa shuka, na moyo unakudunda. Unauliza: itakuwa pesa ngapi? Katika kliniki nyingi mno jibu ni moja: "Tumwangalie kwanza." Anaangaliwa, anadungwa sindano, anatundikiwa dripu, damu yake inapelekwa maabara. Bei unaijua ukifika dirishani, simu mkononi, mnyama akiwa ndani na wewe ukiwa nje. Hapo huna la kujadili. Utalipa chochote utakachoambiwa, au utaondoka na mgonjwa aliyetibiwa nusu.

Gazeti hili linatoa uamuzi wake bila kuuma maneno. Desturi hii ni mbovu. Inawadhulumu wenye wanyama, inawachafulia jina madaktari waadilifu, na inahatarisha maisha ya watu ambao hawajawahi kufuga hata paka. Ikome.

Tuseme mapema pia lile tusilolidai, asije mtu akatupakazia. Hatusemi kwamba madaktari wa mifugo ni wanyang'anyi. Hatutaki watibu bure, wala hatuombi serikali iwapangie ada kwa amri. Daktari wa mifugo amekaa chuo kikuu miaka mitano. Analipa pango, stima, mishahara ya wasaidizi na friji ya chanjo ambayo haipaswi kuzimika hata usiku mmoja. Dawa na vifaa vyake vingi vinaagizwa kutoka nje, na shilingi ikiyumba mbele ya dola, bei yake hupanda. Hospitali ya umma inayotibu watu hupata fungu kutoka serikalini. Kliniki yake hulishwa na mteja peke yake. Tena mgonjwa wake hasemi panapouma, kwa hiyo mara nyingi hana budi kupima damu, kinyesi au kupiga eksirei ili ajue anachokitibu. Kazi hiyo ina gharama, na gharama hiyo ilipwe.

Tunachokipinga ni bei inayofichwa mpaka mtu awe ameshafungwa mikono. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha za wenye wanyama zinapotea hivyo kila siku, si lazima kwa wizi, bali kwa kukosa daftari.

Wapo watakaosema kwamba hili ni tatizo la matajiri, la mbwa wa Karen na paka wa Nyali wanaolala kwenye makochi. Wanaosema hivyo hawajapita Githurai saa nane za usiku wakasikia ni nani anayelinda plot. Mbwa wa Mkenya wa kawaida ni askari asiye na mshahara. Paka wa dukani ndiye anayeziokoa gunia za mahindi na mchele dhidi ya panya. Kule Lamu, paka ni wenyeji wa mji kama walivyo punda, na punda wenyewe wamekuwa na zahanati yao ya hisani tangu mwaka 1987. Mwenye mbwa mmoja katika nyumba ya mabati ana haki ya kujua bei kama mwenye mbwa watano katika jumba la kifahari. Tena yeye anaihitaji zaidi, maana kosa la shilingi elfu tatu kwa tajiri ni usumbufu, na kwake ni karo ya mtoto.

Ni vyema kukumbuka tumefikaje hapa. Kwa miongo mingi daktari wa mifugo alikuwa mtumishi wa serikali. Alikuja na gari la serikali, na sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na hazina. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliacha kuwaajiri moja kwa moja wahitimu wote wa udaktari wa mifugo, na miaka ya marekebisho ya uchumi iliyofuata ikaisukuma huduma hiyo sokoni. Soko lilikuja, lakini kanuni za soko hazikuja nalo. Kanuni ya kwanza ya soko lolote, kuanzia Gikomba hadi Kongowea, ni kwamba mnunuzi anaiona bidhaa na anaisikia bei. Sisi tuliwakabidhi wenye wanyama kwa soko ambalo bei yake hainadiwi.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kutuweka sawa. Kifungu cha 46 kinampa kila mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na kile anachokinunua, na haki ya kulindiwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi. Kifungu hicho hakibagui: kinazihusu huduma za taasisi za umma na za watu binafsi pia. Habari ya kwanza anayoihitaji mtumiaji ni bei. Anayeificha anamnyima mteja haki aliyopewa na sheria kuu ya nchi.

Katika Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo kuna jambo ambalo wakuu wa kaunti wangefaa kulisoma upya. Huduma za mifugo, ukiacha usimamizi wa taaluma yenyewe, zimekabidhiwa kaunti, na zimewekwa chini ya kichwa cha huduma za afya, pamoja na zahanati na magari ya wagonjwa. Chini yake kidogo, kaunti zimepewa jukumu la wanyama na ustawi wao, ikiwemo leseni za mbwa. Waandishi wa Katiba walielewa kwamba mbwa mgonjwa na mtoto mgonjwa wanakaa katika boma moja. Kaunti zetu 47 zimeonekana kulielewa zaidi lile neno leseni.

Tulinganishe sasa na kazi nyingine. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imetenga sehemu nzima kwa ajili ya utengenezaji wa magari na bidhaa nyingine. Fundi anatakiwa kumpa mteja makadirio kabla ya kumtoza kazi, na sheria imegusia hata vipuri vilivyong'olewa, kwamba mwenye gari arudishiwe. Sheria hiyohiyo inasema kwamba makadirio yakishakuwa sehemu ya makubaliano, bei ya mwisho isiyapite kwa zaidi ya asilimia 10.

Tafakari hapo. Bunge liliona kwamba mwenye Probox yuko hatarini mbele ya fundi kwa sababu hajui kilichomo ndani ya injini. Mwenye mbwa yuko katika hatari hiyohiyo mara mbili. Hajui kilichomo ndani ya mwili wa mnyama, na hawezi kumwacha gereji wiki mbili akitafuta bei kwingine. Gari bovu husubiri. Mbwa mwenye homa ya kupe hasubiri.

Wakili naye ana kipimo cha ada kilichochapishwa kisheria, Amri ya Malipo ya Mawakili. Madaktari wa binadamu na wa meno wana Kanuni za Ada za Kitaaluma za mwaka 2016. Mtu anaweza kubishana na viwango hivyo, na wengi wamebishana, lakini angalau kuna karatasi ya kubishania. Mwenye paka aliyesimama kwenye kaunta ya kliniki hana karatasi. Mwongozo wowote wa ada ambao haufiki ukutani pale anapolipia haumsaidii kitu.

Tueleze jinsi bili inavyokua, kwa kuwa giza hili lina mpangilio wake. Chukua mtoto wa mbwa wa miezi mitatu aliyepatwa na parvo, ugonjwa wa virusi unaochubua utumbo na kuua watoto wa mbwa kwa siku chache. Hakuna dawa inayoviua virusi hivyo. Kazi ya daktari ni kumbakisha mnyama hai mpaka mwili wake uushinde ugonjwa. Kwa hiyo kuna ada ya kumwona daktari, kuna kipimo, kuna dripu, kuna sindano ya kuzuia kutapika, kuna antibiotiki ya kuzuia maambukizi mengine, kuna kulazwa usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Daktari mwaminifu kabisa hawezi kuapa kwamba zitakuwa siku tatu au saba. Lakini kila kimojawapo cha vitu hivyo kina bei inayojulikana asubuhi ile, na usiku mmoja wa kulazwa una bei inayojulikana. Anachoweza kusema ni hiki: siku ya kwanza ni kiasi hiki, kila siku inayofuata ni kiasi hiki, nafasi ya kupona ni ndogo au kubwa, tukifika kiasi fulani nitakupigia simu kabla ya kuendelea. Sentensi hiyo haichukui dakika mbili.

Isiposemwa, mwenye mbwa huenda nyumbani akidhani amelipia matibabu, kumbe amefungua bomba. Siku ya nne anaitwa aje achukue maiti na bili. Kukopa harusi kulipa matanga, walisema wazee. Huyu analipa matanga ya deni ambalo hakujua amelikopa. Na maumivu yake hayana mahali pa kukata rufani, kwa sababu hana hata orodha ya vitu alivyotozwa. Ana ujumbe wa M-Pesa peke yake. M-Pesa inathibitisha kwamba pesa zimetoka. Haisemi zimelipia nini.

Kwenye dawa giza ni nene zaidi. Daktari ndiye anayeamua dawa gani itumike, na mara nyingi ndiye anayeiuza. Hakuna kosa katika hilo, mradi mteja ajue kwamba anaweza kuomba cheti cha dawa na kwenda kuinunua mahali pengine palipoidhinishwa. Wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba, na wachache sana huambiwa. Tangu mwaka 2015 kuna Kurugenzi ya Dawa za Mifugo yenye kanuni zake, na kazi yake ya kudhibiti ubora wa dawa na wauzaji ni muhimu. Lakini dawa iliyo bora na halali inaweza bado kuuzwa kwa bei ambayo mteja hakupewa nafasi ya kuilinganisha na nyingine.

Tunakuja sasa kwenye hasara ambayo haiandikwi kwenye bili yoyote. Mtu akishaumwa mara moja na bei ya kushtukiza, hafanyi hesabu tena, anaogopa. Na mwenye hofu huchukua mojawapo ya njia tatu.

Njia ya kwanza ni kungoja. Anamtazama mnyama siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiomba apone mwenyewe. Ugonjwa ambao ungetibiwa kwa sindano moja unageuka wa kulazwa, na bei aliyoikimbia inamrudia ikiwa mara tano. Daktari anampokea mgonjwa aliyechelewa, mnyama anafia mikononi mwake, na lawama inamwangukia yeye.

Njia ya pili ni kwenda kwa asiyejua. Yupo mtu wa mtaani mwenye mkoba na bomba la sindano, hajasajiliwa popote, na yeye bei yake anaitaja wazi. Lipo pia duka la agroveti linalomuuzia mteja dawa ya ng'ombe na kumwambia akadirie ya mbwa. Lipo kabati la nyumbani lenye dawa za watu. Kidonge cha parasetamoli ambacho mama humeza kichwa kikimuuma kinaweza kumuua paka, maana ini la paka halina uwezo wa kukisafisha. Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao ilitungwa ili kuwalinda Wakenya na matapeli wa aina hii. Matapeli hao wanashinda kwa sababu moja ambayo wenye taaluma wanaweza kuiondoa kesho asubuhi: wao hawaogopi kutaja bei.

Njia ya tatu ni kumtupa. Mbwa hupelekwa usiku mbali na nyumbani, akashushwa kando ya soko au jalala. Anakuwa mbwa koko, asiye na mwenyewe, asiye na chanjo. Hapo ndipo shida ya mwenye mbwa inapogeuka kuwa shida ya mtoto anayekwenda shule kwa miguu.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, na baada ya zaidi ya karne moja bado kinaua. Duniani kote kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa watoto na watu wa mashambani Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni kama hakuna. Kinga inajulikana. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali apewe chanjo. Na kabla ya kuumwa, asilimia 70 ya mbwa katika eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba walionyesha kwamba inawezekana: kampeni za kuchanja mbwa bila malipo ziliuzima ugonjwa huo, uzi ulipolegezwa ukarejea, na ulipokazwa tena ukazimika.

Kenya ina mkakati wake uliozinduliwa mwaka 2014, unaolenga kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2030 uko mlangoni. Kampeni za bure za kaunti ni jambo jema, lakini huja siku moja na kuondoka. Katikati ya kampeni moja na nyingine, chanjo hutegemea mtu kumpeleka mbwa wake kliniki kwa hiari. Ataendaje, ikiwa aliyekwenda kwa ajili ya chanjo jana alirudi na bili ya vitu vinne ambavyo hakuvitaja? Chanjo ya mbwa mmoja ni nafuu mno ikilinganishwa na dozi kadhaa anazodungwa mtu mmoja aliyeumwa. Bei hiyo ndogo ikifichwa, taifa linalipa ile kubwa.

Kuna watakaotuambia kwamba soko litajirekebisha lenyewe. Watazame Uingereza, ambako soko hili limekomaa kuliko letu na wenye wanyama wengi wana bima. Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, CMA, ilianza kuuchunguza mwenendo wa huduma hizo Septemba 2023, na watu wapatao 56,000 wakajitokeza kutoa maoni. Ripoti yake ya Machi 2024 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kliniki zilizokaguliwa hazikuwa na bei yoyote kwenye tovuti zao. Mwaka 2013 kampuni kubwa zilimiliki takriban asilimia 10 ya kliniki. Miaka kumi baadaye zilimiliki karibu asilimia 60. Katika uamuzi wake wa awali wa Oktoba 2025, mamlaka hiyo ilisema kwamba ada zilipanda kwa asilimia 63 kati ya mwaka 2016 na 2023, na miongoni mwa tiba ilizopendekeza ni kliniki kulazimishwa kuchapisha orodha za bei. Sheria inayowasimamia madaktari wa mifugo huko ni ya mwaka 1966. Inamsimamia daktari kama mtu, lakini kampuni inayommiliki haiigusi.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mitaji mikubwa ya aina hiyo ikija kwetu, haitakuta uzio. Tukijenga uzio leo, wakati kliniki nyingi bado ni za daktari mmoja anayemjua mteja kwa jina, itakuwa kazi nyepesi. Tukingoja mpaka kliniki za Nairobi na Mombasa ziwe na wenyewe wachache, tutakuwa tunaomba kile ambacho sasa tunaweza kukiagiza.

Tumezisikia hoja za upande wa pili, na haki inatutaka tuzijibu.

Ya kwanza inasema kila mgonjwa ni tofauti, hivyo bei haiwezi kuandikwa. Nusu yake ni kweli. Upasuaji wa mfupa uliovunjika una mambo yake. Lakini ada ya kumwona daktari si fumbo. Chanjo ya kichaa si fumbo. Dawa ya minyoo, kumhasi dume na kumfunga kizazi jike hupangwa kwa uzito, na uzito una mizani. Hayo ndiyo mambo yanayowaleta wateja wengi kliniki siku nyingi, na yote yanaweza kukaa kwenye karatasi moja. Yaliyobaki yatajwe kwa kiwango cha chini na cha juu.

Ya pili inasema wateja watakimbilia kwa mwenye bei ya chini na huduma itashuka. Mkenya si mtoto. Anajua kuna kinyozi wa bei ndogo anayekata masikio na kuna wa bei kubwa anayeheshimu kichwa. Daktari anayetoza zaidi kwa sababu ana maabara, muuguzi wa usiku na dawa halisi aandike bei yake na aandike na sababu. Atawapata wateja wake. Atakayekosa wateja ni yule ambaye bei yake haina sababu ya kuandika.

Ya tatu inasema wakati wa dharura hakuna nafasi ya kuzungumzia pesa. Mnyama anapokata roho, kweli, damu izuiwe kwanza. Lakini dharura ya kweli hudumu dakika, na baada ya hapo mwenye mnyama bado yuko pale kwenye benchi. Aambiwe hapo. Dharura isigeuzwe kisingizio cha siku tano.

Na ipo hoja ambayo madaktari huitoa kwa sauti ya chini, nayo ina uzito: wapo wateja wanaotibiwa wanyama wao na kutoweka bila kulipa. Tunawaonea huruma madaktari hao, na tunawaambia kwamba dawa yake ni hiyohiyo. Makadirio yaliyoandikwa na kutiwa sahihi ni ushahidi wa deni. Daktari anayeficha bei hana cha kumwonyesha hakimu.

Kwa hiyo gazeti hili linadai mambo haya, na linadai kwa majina ya wanaohusika.

Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, KVB, ndiyo yenye rejista na ndiyo yenye nidhamu ya taaluma. Ilazimishe kila kliniki iliyosajiliwa kubandika mahali pa wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, bei ya huduma za kawaida. Ilazimishe makadirio ya maandishi kabla ya upasuaji, kabla ya kulaza mnyama na kabla ya vipimo vya gharama, hata kama maandishi hayo ni ujumbe wa simu. Ilazimishe bili iliyochambuliwa, dawa peke yake, kipimo peke yake, kazi peke yake. Iandike kwamba mteja akiomba cheti cha dawa apewe bila kununiwa. Na njia ya kuwasilisha malalamiko ibandikwe chini ya orodha ya bei, siyo kwenye kabati la makao makuu.

Bunge lifungue Sheria ya Kulinda Watumiaji na kumpa mwenye mnyama ulinzi uliompa mwenye gari. Ni aibu kwa taifa kwamba betri imelindwa na kiumbe mwenye pumzi hajalindwa.

Kaunti zinazotoza leseni ya mbwa zionyeshe leseni hiyo inarudisha nini. Zitangaze kila mwaka bei ya chanjo katika vituo vyake, zitangaze siku za chanjo ya bure wiki kadhaa kabla, kwa redio za lugha za mashinani na misikitini na makanisani, na zisingoje Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ili zipigwe picha.

Madaktari wenyewe wasingoje sheria. Tunawajua walio waadilifu, wanaomwambia mama mwenye paka kwamba kipimo fulani hakina haja, wanaompigia mteja simu usiku kumweleza alipofikia mgonjwa. Hao ndio wanaoumia zaidi na ukimya huu, kwa sababu mteja aliyechomwa kwingine huingia kwao akiwa na shaka usoni. Wabandike bei zao wiki hii. Mwenzao wa mtaa wa pili atalazimika kufuata.

Nao wenye wanyama wasijitoe lawamani. Kumfuga mnyama ni ahadi ya miaka kumi na zaidi, na ahadi hiyo ina bei hata pale inapoandikwa vizuri. Anayempokea mtoto wa mbwa bila kutenga pesa za chanjo amemdhulumu kabla daktari hajamgusa. Weka akiba kidogo kila mwezi. Tunza kadi ya chanjo kama unavyotunza kitambulisho. Usimkope daktari ukijua hutalipa. Na usimwite mwizi mtu ambaye hujamuuliza bei.

Lakini muulize. Kuanzia leo, kabla mnyama wako hajapanda meza ya kliniki yoyote, uliza maswali matatu: mtamfanyia nini, itagharimu kiasi gani kwa uchache na kwa wingi, na mtanipigia lini kabla ya kuvuka kiasi hicho. Taka majibu yaandikwe. Ukipewa, lipa kwa moyo mweupe na mwambie jirani. Ukinyimwa, na mgonjwa bado anaweza kusafiri, mbebe umpeleke kwa daktari ambaye bei yake iko ukutani.